Mlango Uliogoma Alfajiri: Uchambuzi wa Kisa cha Mashine ya Vidole katika Ghala Moja la Tanga

Ghala linalozungumzwa hapa lipo mjini Tanga, si mbali na bandari. Hutunza katani iliyokwisha kufungwa marobota pamoja na vipuri vya korona, kama watu wa mkonge wanavyoiita mashine ya kuchakata majani, na lina wafanyakazi 23 ambao wengi wao hufika kwa baiskeli kutoka Makorora, Mabawa na Kange. Kazi huanza saa moja na nusu asubuhi. Mlango wa wafanyakazi hufungwa kwa kitasa cha sumaku cha volti 12 kinachoongozwa na mashine ya vidole iliyofungwa ukutani, na mashine hiyo ina kazi mbili: hufungua mlango, na huandika mahudhurio ambayo mhasibu huyatumia kupiga hesabu ya mishahara.

Kuanzia katikati ya Oktoba mlango huo ulianza kugoma. Haukugoma kila siku, wala haukufuata mpangilio ambao mtu angeweza kuutabiri: wiki moja ilipita salama, iliyofuata ukagoma mara mbili, na siku nyingine programu ya kukusanya mahudhurio iliandika kwamba haikuiona mashine kabisa, ilhali mlango wenyewe ulifunguka vizuri. Asubuhi za kugoma, mashine ilikuwa na umeme na kioo chake kiliwaka, lakini kilikuwa kimeganda kwenye maandishi ya kueleza kwamba kazi inaendelea. Mtu akiweka kidole, taa ya kisomaji haikuwaka. Akibonyeza vitufe, havikuitika. Watu walisimama nje hadi mzee mlinzi alipowafungulia kwa kitufe cha kutokea kilichopo ndani. Nashukuru kwamba kitufe hicho nilikiunganisha moja kwa moja kwenye waya wa umeme wa kitasa, bila kupitia mashine, kwa sababu mlango unaoweza kumzuia mtu asitoke wakati wa moto haufai kuwepo popote, na haufai zaidi katika jengo lililojaa katani kavu.

Mwisho wa Novemba jambo likawa zito. Hati za mishahara zilipotoka, wafanyakazi walikuta wamehesabiwa saa nne kwa siku katika siku sita ambazo kila mmoja wao alijua alishinda ghalani hadi jioni. La kushangaza ni kwamba hati hizohizo zilionyesha kuwa walifika mapema kabla ya muda wa kazi na kuondoka kabla ya adhuhuri. Mhasibu aliamini kompyuta, wafanyakazi waliamini miguu yao, na mwenye ghala akaniita mimi kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo ndiye niliyefunga kitasa, mashine na nyaya zake. Programu ya kusoma mahudhurio iliandikwa na kijana mwingine ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam, na namshukuru kwamba alipokea simu zangu zote na kunipa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, bila kuficha mstari hata mmoja.

Dhana za mwanzo

Kila mtu pale alianza kwa kuvilaumu vidole. Dhana hiyo ina msingi: anayebeba marobota ya katani miaka mingi hukwanguliwa ngozi na nyuzi hadi mistari ya vidole inafifia, na kweli wapo wanawake wawili wa idara ya kuchambua katani ambao mashine iliwakataa mara kwa mara tangu siku ya kwanza, hadi wakapewa kadi. Lakini kidole kilichofifia hukifanya kisomaji kiwashe taa, kisome, kisha kikatae. Hapa taa haikuwaka kabisa, kwa hiyo mashine haikuwa imekikataa kidole cha mtu yeyote, ilikuwa haikitazami.

Nikatazama pia kebo. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na shaba, na vichwa vya kebo ya mtandao vilikuwa na ukungu wa kijani. Nilivikata nikafunga vipya, na siku mbili baadaye mlango ukagoma tena.

Mazungumzo kati ya kompyuta na mashine

Kompyuta haiwezi kuzungumza na mashine ya vidole kwa kuunganishwa kebo tu. Kinachohitajika ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo mwandishi wa programu huziita kwa majina, nazo zikatafsiri majina hayo kuwa baiti ambazo mashine inazielewa. Kwa familia ya mashine tuliyokuwa nayo, ambayo husikiliza kwenye poti namba 4370 na hutoka kiwandani ikiwa na anwani 192.168.1.201, maktaba zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni zkemkeeper, ambayo hufanya kazi ndani ya Windows na lazima isajiliwe kwenye mfumo kabla programu haijaiita. Ya pili ni pyzk, maktaba huria ya lugha ya programu iitwayo Python, iliyo rahisi kuisoma na kuiendesha hata kwenye kompyuta ndogo isiyo na Windows. Kijana wetu alichagua ya pili, na mimi ningechagua hiyohiyo.

Chini ya majina mazuri ya kazi hizo kuna itifaki fupi sana, yaani kanuni za mazungumzo. Kila ujumbe huanza na baiti nane: mbili ni namba ya amri, mbili ni hesabu ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani, mbili ni namba ya kikao, na mbili za mwisho ni namba ya jibu. Amri 1000 hufungua kikao na amri 1001 hukifunga. Amri 13 huomba kumbukumbu za mahudhurio, na 15 huzifuta. Amri 31 hufungua mlango. Kwa kisa hiki amri zenye uzito kuliko zote ni 1003 na 1002: ya kwanza huisimamisha mashine, yaani huzima kisomaji, vitufe na kadi ili pasiwe na mtu atakayeingiza jambo jipya wakati kompyuta inasoma, na ya pili huirudisha kazini. Kati ya amri hizo mbili, mashine huandika kwenye kioo kwamba kazi inaendelea, na haimsikilizi mtu yeyote aliyesimama mbele yake.

Nilipousoma msimbo wa kijana, niliona mpangilio ambao nimeuona katika programu nyingi za namna hii. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kompyuta huiandika 06:00, programu ilifungua kikao, ikaisimamisha mashine, ikasoma orodha ya watumiaji, ikasoma violezo vya vidole vya watu wote, yaani ramani za mistari ya vidole ambazo mashine huzitumia kumtambua mtu, ikasoma mahudhurio, ikayafuta kwenye mashine, ikairudisha mashine kazini, ikayaandika mahudhurio kwenye diski, kisha ikafunga kikao. Kazi yote ilichukua kama dakika nne. Hatua hizo zilikuwa ndani ya sehemu ya try, na pakitokea hitilafu yoyote, Python huruka hatua zilizobaki na kwenda kwenye sehemu ya kushughulikia hitilafu, ambako programu iliandika sentensi moja ya taarifa na kufunga kikao. Amri ya kuirudisha mashine kazini ilikuwa miongoni mwa hatua zinazorukwa.

Msimbo huo unafanya kazi vizuri siku zote ambazo hakuna linaloharibika, na ndiyo sababu ulikaa mwaka mzima bila mtu kuutilia shaka. Mifano mifupi ambayo watu hunakili wanapojifunza maktaba hizi imepangwa hivyohivyo, kwa sababu kazi ya mfano ni kuonyesha mfuatano wa amri. Mfano ulioandikwa kwa ajili ya meza ya kujifunzia ukihamishiwa kwenye mlango ambao watu 23 wanautegemea, anayeuhamisha ana wajibu wa kujiuliza swali moja mbele ya kila mstari: kamba ikikatika hapa, mlango utabaki katika hali gani? Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu waandishi wengi wa programu huichukulia mashine ya vidole kama hifadhidata iliyotundikwa ukutani. Maktaba inayotuma amri 1003 imeshika kitasa mkononi, na aliyeiita ndiye aliyeishika.

Taa za nje

Swali lililobaki lilikuwa ni kitu gani kilichokata mazungumzo, na kwa nini kilianza Oktoba. Nilikesha ghalani alfajiri tatu mfululizo. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa ya mapajani yenye betri yake, na mashine ya vidole ilikuwa na betri ya akiba niliyoifunga mwenyewe, kwa hiyo hata umeme ukikatika zote mbili hubaki macho. Katikati yao kulikuwa na swichi ndogo ya mtandao, kifaa cha kuunganishia kebo za mtandao, iliyowekwa kwenye korido baada ya mimi kuondoka, na iliyokuwa ikilihudumia jambo hilo moja tu.

Alfajiri ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya swichi hiyo, nikitazama vitaa vyake vya kijani vikipepesa wakati programu inasoma. Mzee mlinzi alipita, akanisalimu, akaendelea hadi kwenye ubao wa umeme na kuzima taa za nje kama afanyavyo kila siku. Vitaa vya swichi vikazimika papo hapo. Aliyeiweka swichi hiyo alichukua umeme kutoka kwenye waya wa taa za nje kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na kwa kuwa taa hizo huwaka usiku kucha, saa kumi na mbili asubuhi swichi ilikuwa hai siku zote alipoijaribu. Mchana kutwa ilikuwa imekufa na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeihitaji mchana.

Mzee hazimi taa kwa kutazama saa. Huzima jua linapochomoza. Mwezi wa Julai jua la Tanga huchomoza kama nusu saa baada ya saa kumi na mbili, na wakati huo programu ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake zamani. Kadiri Oktoba inavyokwenda jua huwahi, na mwanzoni mwa Novemba huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili kamili. Hapo ndipo mkono wa mzee na dakika nne za programu vilipoanza kukutana. Siku aliyozima kabla ya 06:00, programu haikuiona mashine, ikaandika taarifa yake, na mlango ukafanya kazi kama kawaida. Siku ya mawingu aliyochelewa kuzima hadi baada ya 06:04, kila kitu kilikwenda sawa. Siku aliyozima katikati, kompyuta ilisubiri jibu kwa sekunde tano, ikapata hitilafu, ikaruka amri ya 1002, na mashine ikabaki imesimama ikisubiri amri ambayo isingeweza kufika hadi taa zitakapowashwa jioni. Hali zote tatu zilizokuwa zimetuchanganya zilitokana na mpishano wa dakika chache kati ya macheo na ratiba ya programu.

Palikuwa na nafasi ya nne, na hiyo ilitokea mara moja. Mtandao ulikatika baada ya programu kusoma na kufuta mahudhurio lakini kabla ya kuirudisha mashine kazini. Kwa kuwa kuandika kwenye diski kulipangwa baada ya kuirudisha mashine, kumbukumbu zilizokuwa zimesomwa zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na hitilafu ilipotokea zikapotea pamoja na kikao. Mahudhurio ya siku moja ya Oktoba yalifutika kwenye mashine bila kufika popote. Kufuta chanzo kabla ya kuhakikisha kwamba nakala imelala kwenye diski ni kosa ambalo mtunza stoo hawezi kulifanya na gunia la boliti. Halipaswi kufanywa na jasho la siku nzima la watu.

Saa moja na dakika arobaini

Mlango ulipogoma mara ya kwanza, mzee mlinzi aligundua kwamba akiukata umeme na betri ya mashine kisha akaurudisha, mashine huamka ikiwa nzima. Ni ugunduzi sahihi, kwa sababu hali ya kusimamishwa haihifadhiwi mashine inapozimwa. Alifanya hivyo mara tatu bila tatizo. Mara ya nne, siku ya Jumanne, betri ndogo ya kidonge inayoitunza saa ya ndani ilikuwa imekwisha nguvu, na mashine ikaamka ikionyesha tarehe 1 Januari 2000. Mzee akaingia kwenye menyu, ambayo haikuwa na nywila, akaweka tarehe sahihi na saa sahihi.

Nilipomuuliza aliiwekaje, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, saa ilikuwa imepotea, nami nikaiweka. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, nikaandika moja na arobaini. Hapo nimekosea wapi?"

Hakukosea popote kwa lugha yake na yangu. Sisi tunaihesabu siku kuanzia macheo, na saa yetu ya kwanza ni ile ambayo mashine huiita 07:00. Mzee aliandika 01:40, na mashine ikaamini kwamba ni usiku wa manane. Kanuni ya kuingia iliyowekwa ndani yake iliruhusu vidole kuanzia 06:30 hadi 18:30 tu, kwa hiyo ikamkataa kila mtu hadi saa yake ilipofika 06:30, wakati ghalani ilikuwa saa sita na nusu mchana. Watu waliingizwa na mzee kwa kitufe, bila kuandikwa. Walipotoka kula saa sita, mashine iliwakataa tena. Waliporudi saa saba iliwakubali, ikaandika 07:00. Na walipoondoka saa kumi na moja jioni ikaandika 11:00. Hizo ndizo saa nne zilizoonekana kwenye hati za mishahara. Upande wa pili wa kosa hilohilo ulinitia hofu zaidi: kwa siku sita mlango ulikubali vidole hadi nusu saa baada ya saa sita za usiku, na hakuna aliyelijua hilo. Hakuna aliyetoa taarifa pia kwamba mlango unakataa asubuhi, kwa sababu wote walidhani ni mgomo uleule waliouzoea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini programu haikushtuka. Jibu limo katika namna mashine za familia hii zinavyoandika wakati. Hutumia namba moja nzima ya sekunde, lakini si sekunde zinazohesabiwa tangu mwaka 1970 kama kompyuta nyingi zifanyavyo. Huanza mwaka 2000, na huchukulia kwamba kila mwezi una siku 31, hata Februari. Tarehe 15 Machi 2024 saa 07:40, kwa mfano, huandikwa 777,973,200. Anayejaribu kuisoma namba hiyo kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta ataletewa siku ya Agosti 1994. Maktaba hufanya ubadilishaji huo vizuri, na hiyo ni sababu nzuri ya kuitumia badala ya kujiandikia yako. Lakini namba hiyo haibebi taarifa yoyote ya ukanda wa saa wala ya uhakika wa saa iliyoitoa. Ikifika kwenye kompyuta, 07:00 iliyotokana na saa saba mchana haina tofauti hata ya biti moja na 07:00 ya kweli. Maktaba inaweza kutafsiri kile ambacho mashine imesema. Kama mashine imesema kweli ni jambo la anayeiita maktaba kulichunguza, na nyenzo ya kulichunguza ipo, kwani maktaba ina kazi ya kuiuliza mashine saa yake na nyingine ya kuirekebisha. Programu yetu haikuwa ikizitumia.

Tulichorekebisha

Rekebisho la kwanza ambalo kijana alilipendekeza kwa simu lilikuwa kuihamishia amri ya kuirudisha mashine kwenye sehemu ya finally, ambayo Python huitekeleza pawe na hitilafu au pasiwe nayo. Ni ushauri mzuri na tuliufuata kwa kazi nyingine za programu, lakini kwa ugonjwa huu hautoshi. Mtandao ukiwa umekatika, amri ya 1002 itatumwa na haitafika, hata ikiandikwa mahali pazuri kiasi gani. Maktaba ya zkemkeeper ina wito wa kuisimamisha mashine kwa idadi maalumu ya sekunde, ambazo zikiisha mashine hujirudisha kazini yenyewe, na kwa yeyote asiyeweza kuepuka kuisimamisha mashine huo ndio ningempendekezea.

Sisi tuliamua kutoisimamisha kabisa. Sababu pekee ya kuisimamisha ilikuwa kwamba programu inafuta mahudhurio baada ya kuyasoma, na mtu akiweka kidole katikati ya hatua hizo mbili kumbukumbu yake inafutwa bila kusomwa. Tukiacha kufuta, hatari hiyo haipo: kidole kitakachowekwa wakati wa kusoma kitasomwa kesho. Mashine yetu ina nafasi ya kumbukumbu 100,000. Watu 23 wakiweka kidole mara nne kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, ni kumbukumbu 2,392, na nafasi hiyo itatosha zaidi ya miaka mitatu. Sasa programu husoma zote kila siku, huandika kwenye diski zile tu ambazo namba ya mfanyakazi na wakati wake havijawahi kuonekana pamoja, na kufuta hufanywa kwa mkono, Jumapili moja kwa mwaka, baada ya mhasibu kuhesabu nakala.

Kuhusu saa, programu huilinganisha saa ya mashine na ya kompyuta kabla ya kusoma. Tofauti ya chini ya dakika mbili hurekebishwa na kuandikwa. Tofauti kubwa zaidi hairekebishwi kimyakimya. Programu husimama na kumtumia ujumbe mhasibu na mimi, kwa sababu kuirudisha saa bila kuacha alama kungeficha kumbukumbu zote mbaya zilizokwisha kuandikwa. Betri ya kidonge ilibadilishwa, menyu ikawekewa nywila, na kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi nilibandika jedwali la saa zetu na saa za mashine zikiwa bega kwa bega. Swichi ya korido nayo ilihamishiwa kwenye betri ya akiba ya mashine, na muda wa kusoma ukasogezwa hadi saa tano usiku, wakati hakuna anayegusa taa.

Violezo vya vidole vilistahili hasira niliyokuwa nayo. Programu ilikuwa ikisoma violezo vya watu wote kila alfajiri na kuviweka kwenye faili lisilo na ulinzi, katika kompyuta inayotumiwa na watu watatu, kwa sababu tu maktaba ina kazi ya kuvisoma na mwandishi aliona vema kuwa na nakala. Kiolezo si picha ya kidole. Ni ramani ya mahali mistari inapoishia na inapogawanyika, lakini ramani hiyo ni ya mtu na inamfuata maisha yake yote. Nywila ikiibiwa hubadilishwa; kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za namna hii kuwa nyeti, na hata isingekuwepo sheria, wafanyakazi hawa walitoa vidole vyao ili wafunguliwe mlango, hawakuvitoa vikalale kwenye faili. Tulilifuta faili na kuiondoa hatua hiyo, na kusoma ambako kulichukua dakika nne sasa kunaisha ndani ya sekunde chache.

Jambo la mwisho nililolikuta sikulitafuta. Namba ya siri ya mawasiliano kati ya kompyuta na mashine ilikuwa 0, kama ilivyotoka kiwandani, na mashine ilikuwa kwenye mtandao uleule ambao wageni hupewa wakisubiri ofisini. Kwa ruhusa ya mwenye ghala nilikaa kwenye kiti cha wageni na kompyuta yangu, nikaita kazi moja ya maktaba inayotuma amri 31, na mlango ukafunguka bila kidole cha mtu yeyote. Alisimama pale muda mrefu akiutazama mlango wake. Siku hiyohiyo mashine ilipewa mtandao wake peke yake na namba ya siri ambayo si sifuri.

Kabla ya kukabidhi kazi, nilichomoa kebo ya mtandao mara kumi katikati ya kusoma, kila mara mwanamke mmoja wa kitengo cha kuchambua akiwa mlangoni na kadi yake. Mlango ulimfungukia mara zote kumi.

Mishahara ilichukua siku mbili. Kumbukumbu zote zilizoandikwa kati ya saa mzee alipoiweka na saa nilipoirekebisha ziliongezwa saa sita, na zikarudi mahali pake: kuingia saa saba mchana, kutoka saa kumi na moja jioni. Asubuhi za siku hizo sita hazikuwa kwenye mashine, kwa hiyo mhasibu alizichukua kutoka kwenye daftari la mlangoni, ambalo mzee huliandika kila siku tangu kabla ya mashine kufungwa na ambalo hakuna aliyewahi kumwagiza aache. Alasiri zilipolinganishwa, daftari na mashine havikupishana kwa zaidi ya dakika tatu. Ile siku moja ya Oktoba haikuwepo kwenye kompyuta wala kwenye mashine. Ilikuwepo kwenye daftari pekee, kwa wino wa bluu, majina 22 na la 23 lililoandikiwa pembeni kwamba yuko hospitali ya Bombo na mtoto mgonjwa, na mhasibu akailipa kwa daftari hilo.